Jiwe Lina Mwenyewe

Raskazone, Tanga
Jumatatu, 18 Aprili 1994

Mjomba wangu Jaku,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine umpelekee mkaza mjomba huko huko jikoni, asije akasema tena kwamba salamu zangu huishia barazani kwako. Mimi mzima wa afya, nanenepa tu. Samaki wa ng'onda mlioniletea baada ya Idd nimewala kwa siri kama mwizi, maana jirani zangu wa hapa Raskazone wana pua kali. Nimefurahi kusikia Suhaila ana mimba ya miezi minne. Mwambie asijifanye mwanamume huko kwenye mwani, kamba zile ni nzito.

Mjini hapa maduka yamejaa, Mjomba. Sabuni unachagua rangi. Nikizikumbuka zile foleni za duka la ushirika nacheka peke yangu njiani.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu. Unajua kazi yangu, ingawa unawaambia watu kwamba mpwa wako kaajiriwa kuchungulia. Ofisi ya Ukaguzi wa Huduma za Vijiji hupokea taarifa za mikutano ya vijiji, inakwenda kutazama, kisha inaiambia serikali wapi pafanyiwe nini. Mwezi huu tuna taarifa za zahanati za vijiji tisa vya pwani. Moja imeandikwa kwa mkono ninaoujua, ile mikia mirefu ya herufi uliyonifundishia mwenyewe nilipofiwa na mama. "Mkutano umefanyika Ijumaa baada ya swala, barazani kwa mwenyekiti. Waliohudhuria sitini na mmoja." Kisha pale penye "wanawake" umepiga mstari. Hata sifuri hukuweka, Mjomba. Chini yake umeandika: "Akina mama wameridhika na huduma."

Vijiji vyote tisa vimeandika hivyo hivyo. Nimemuuliza bosi wangu, Bwana Zebedayo, ameridhika nani ikiwa hakuwepo mtu? Ni mzee wa Kilutheri kutoka Lushoto, mpole, lakini akishika faili haliachii. Alirudi semina Arusha na neno jipya, "jinsia", na amelitundika ukutani bila kujua alifanyie nini. Nikamwambia fomu yetu ina kurasa saba na hakuna hata mmoja unaouliza nani amesema na nani hakusema. Wanawake, wageni wa dago wanaopiga kambi msimu wa uvuvi, kina sisi tusio na kiti barazani. Amenipa ruhusa nijaribu katika kijiji kimoja. Nimechagua Kisimachumvi, na nimemwambia wazi kwamba mwenyekiti ni mjomba wangu. Kasema atakuja mwenyewe.

Si mchezo, Mjomba. Kuna orodha ya watumishi watakaopunguzwa, inafungwa tarehe 15 Julai. Anastazia yumo. Sababu iliyoandikwa: "Mkunga hana wagonjwa wa kutosha." Anastazia huyu huyu binti wa mkata mkonge wa Maramba, aliyeshika kichwa cha kila mtoto aliyezaliwa hapo tangu mwaka themanini na mbili! Akiondoka, Suhaila atazalia wapi?

Tutafika Alhamisi tarehe 26 Mei, saa nne asubuhi. Niitie wanawake, wengi kadiri utakavyoweza. Barua hii nampa Asheri, dereva wa gari la Moa.

Mpwa wako,
Mwatumu

*

Kisimachumvi
Jumatano, 4 Mei 1994

Mwanangu Mwatumu,

Marahaba, mara mbili. Ya jikoni nimeifikisha, na nimejibiwa kwamba ungekuja wewe mwenyewe ukasaidie kupara samaki ndipo wangeamini salamu zako. Mguu wa mkaza mjomba wako umepungua uvimbe. Paa la msikiti tumelimaliza. Suhaila hanisikii mimi babake, atakusikia wewe wa kwenye karatasi? Kila siku yumo majini na wenzake, na kampuni ya mwani imewapa kamba mpya za bluu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilivaa miwani. Sikujua kama nimemlea karani wa kunisahihisha. Ndiyo, nilipiga mstari. Mkutano wa kijiji chetu ni barazani baada ya Ijumaa, tangu enzi za babu yako, na wanawake wetu hawakai barazani. Kila mume amewasemea wa nyumbani kwake. Penye wazee haliharibiki neno. Hilo neno lenu la Arusha sina ugomvi nalo, lakini hapa halina mchele wala samaki.

Hata hivyo wewe ni damu yangu, na mkataa kwao mtumwa. Njooni tarehe hiyo, saa hiyo. Nitapiga mbiu kijiji kizima. Mzee wa Kilutheri mwambie asiogope, hatutampa pweza asiyemjua.

Kuhusu Anastazia, serikali ina hesabu zake. Mimi sina la kusema.

Niletee betri nne kubwa za redio. Nasikia siku hizi hazitaki kibali.

Mjomba wako,
Jaku

*

Raskazone
Jumapili, 29 Mei 1994

Mjomba,

Shikamoo. Nimefika salama. Betri ulizipata.

Leo nitasema kwanza, salamu za nyumba nzima utanidai baadaye, maana nina hasira na sitaki ipoe kabla sijaimaliza.

Tulipokaribia kijiji, kule barabara inapoiona bahari, Bwana Zebedayo aliuliza, "Bahari imekwenda wapi?" Nikageuka kumcheka. Nikaona. Maji yametoka hadi mwisho wa macho, na kule mbali migongo, migongo, kanga zimefungwa viunoni, kijiji kizima cha wanawake kimeinama kwenye mwani. Mwezi una siku kumi na tano, saa nne ya asubuhi! Siku tano tu tangu Idd ya kuchinja, na mimi nimekula nyama ya Idd bila kuhesabu. Bamvua, siku maji yanapotoka mbali kuliko zote. Hakuna mwanamke wa Kisimachumvi atakayeacha bamvua aje kukaa kwenye kiti cha ofisi, na mwani haumsubiri mtu.

Mimi niliyezaliwa hapo. Mimi niliyebebwa mgongoni na mama kwenda kuchokoa pweza kabla sijajua kutembea. Nimepanga siku kwa kalenda ya ukutani kama mtu aliyekulia Dodoma. Aibu hiyo ni yangu, naikubali yote.

Barazani walikuwepo wanawake wanne. Bi Mwatum asiyeona, dada zake wawili wa kumshika mkono, na mama mmoja aliyekuja kukuomba ruhusa ya kukata miti. Bwana Zebedayo alingoja saa mbili, akanywa chai yako, akasifu kashata. Kwenye gari aliandika, nikaona: "Wanawake wameitwa, hawakuonyesha nia." Mjomba, sentensi hiyo ni mbaya kuliko mstari wako. Mstari ulisema hawakuwepo. Hii inasema hawataki.

Lakini wewe. Wewe unahesabu mwezi kwa vidole hata ukiwa usingizini. Ulipata barua yangu majuma matatu kabla. Ulijua tarehe 26 itaangukia wapi. Binti yako mwenyewe alikuwa kule majini. Ungeandika mstari mmoja tu, "Mwanangu, hiyo ni bamvua," ningebadilisha siku. Badala yake ukaniandikia "njooni tarehe hiyo, saa hiyo", ukapiga na mbiu juu yake.

Na jambo jingine. Anastazia alinisalimia kwa mkono mmoja, akakutazama wewe kwanza kabla ya kunijibu. Nilipomuuliza mbona daftari lake lina majina machache, akasema, "Muulize Mzee Mwenyekiti." Nimekuuliza pale pale, ukaniambia mbuzi wameingia shambani.

Ni nini hicho unachokificha? Niandikie.

Mwatumu

*

Raskazone
Jumatano, 15 Juni 1994

Mjomba wangu,

Shikamoo. Siku kumi na saba, na Asheri anarudi mikono mitupu. Mara ya kwanza alisema ulikuwa shambani. Mara ya pili ulikuwa msikitini. Mara ya tatu alinionea huruma, akaniletea nazi mbili zake mwenyewe.

Hasira imekwisha, kimebaki kitu kingine. Nakukumbuka, Mjomba. Tangu juzi nakumbuka mwaka themanini na tatu, wakati wa shida, ulipokuwa msimamizi wa duka la ushirika. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Mgao ukija, foleni inaanza alfajiri, na wanawake hawawezi kusimama hadi mchana kwa sababu maji yanatoka. Basi kila mmoja aliokota jiwe, akaliweka mahali pake kwenye foleni, akaenda zake pwani. Siku moja wanaume wakayapiga teke yale mawe, wakasema foleni ni ya watu. Ukatoka dukani na kandambili zako, ukayarudisha moja moja. Ukasema, "Hapa hapitwi mtu. Jiwe lina mwenyewe." Sabuni ikabaki mpaka wanawake waliporudi na chumvi miguuni. Siku hiyo niliwaambia wenzangu wote, yule ni mjomba wangu.

Sasa nakuuliza, kiti kitupu barazani hakina mwenyewe? Mlikubali jiwe limsemee mwanamke kwenye sabuni, mkakataa kuuliza yuko wapi kwenye zahanati?

Bwana Zebedayo hatatoa gari tena. "Kijiji kimoja, mara moja," kasema, na petroli hakuna. Lakini nimemwonyesha kwenye kalenda siku ile ilikuwa siku gani ya mwezi, nikamchorea bahari kwa penseli. Kasema, "Kwetu milimani hatuna kitu kinachoondoka kikarudi." Amekubali jambo moja. Mwenyekiti akiitisha mkutano mwingine mwenyewe, akaujaza ukurasa niliotunga, ataupokea. Mwisho ni tarehe 15 Julai.

Ukurasa huo nimeufunga humu. Ni wa nane. Unauliza wamesema wanaume wangapi na wanawake wangapi, wenyeji wangapi na wageni wa dago wangapi, saa ngapi na wapi, na wamesema nini kwa maneno yao. Swali la mwisho ni hili: "Nani hakuwepo, na kwa nini?"

Jumamosi tarehe 2 Julai ni maji mafu. Safari hii nimehesabu vizuri. Bahari haitoki ya kutosha, mwani unapumzika, wako nyumbani wote.

Siwezi kukulazimisha. Mkononi mwako ndimo alimo Anastazia.

Mwanao,
Mwatumu

*

Kisimachumvi
Jumatatu, 4 Julai 1994

Mwanangu Mwatumu,

Marahaba, marahaba. Mkaza mjomba wako anakusalimu, na mguu umepona kabisa, jana alinifukuza nao jikoni. Bi Mwatum asiyeona anasema mwambieni wajina wangu kwamba chai ya ofisi yake sikuipenda, nikamwambia chai ilikuwa yangu. Mbuzi hawakuingia shambani siku ile. Nilikuongopea.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu kila nilipoanza barua, mkono uliandika habari za paa la msikiti. Leo nitaandika yote. Mficha uchi hazai.

Barua yako ya mawe niliisomea uani, na mkaza mjomba wako akaniona nafuta macho. Alidhani umekufa. Akanipokonya, akamwita Suhaila amsomee. Kisha akasema neno moja, "Jumamosi," akaenda kutwanga.

Basi Jumamosi nikaitisha mkutano, lakini si barazani. Suhaila alisema wanawake hawatapanda baraza la mtu, wakikaa wanakaa chanjani, pale wanapokaushia mwani. Nikaenda huko huko baada ya adhuhuri. Mwanangu, mwani unanuka! Walikuwa tisini na nne. Wanaume tulikuwa kumi na wawili, tumesimama pembeni kama wachumba. Mbele yangu nikaweka fungu la mawe, nikasema, kila asiyekuwepo, jirani yake amwekee jiwe, ataje jina lake na kilichomzuia. Wale wakubwa walikumbuka mara moja, wakacheka. Wadogo walidhani mzee amerukwa na akili.

Wakaanza kuweka. Hili la Mwanaidi, anauguza mume. Hili la mke wa fundi, mumewe kamkataza. Hili la mama wa kambi ya mkonge, hajui Kiswahili cha kusimamia mbele za watu, anaona haya. Mpaka tunaondoka, mawe ya wanawake yalifika kumi na tisa. Nimekaa kwenye uenyekiti miaka kumi na mmoja, na sikuwahi kujua ninaongoza kijiji kilichokosa watu kumi na tisa siku ya mapumziko.

Kisha nikauliza habari za zahanati. Akasimama binti yangu, tumbo mbele.

"Baba," akasema, "miye nitasema kwanza maana huwezi kunifukuza nyumbani, nna mume wangu. Zahanati mwaifungua saa mbili, mwaifunga saa nane. Nani kaweka saa hizo? Kamati yenu ya wanaume sita. Siku za bamvua saa hizo sisi tu majini. Twatoka alasiri, twenda kwa Anastazia nyumbani kwake, atupima kwenye kitanda chake mwenyewe, na daftari limefungiwa kabatini ofisini. Ndiyo maana vitabu vyasema hana kazi. Mwezi jana katupokea sisi thelathini na saba. Tumehesabu kwa kete za bao."

Wakapiga vigelegele. Anastazia alikuwa ameinamisha kichwa, anasokota pembe ya kitambaa chake. Basi likafunguka. Kila mmoja na lake, na mwalimu wa shule, karani wetu siku hiyo, akaandika mpaka kalamu ikaisha wino, tukachukua ya mtoto wake wa shule.

Nilijua mwisho utafika pale ulipofika. Mwanamke mmoja wa dago, mke wa mvuvi wa Kipemba, akaweka jiwe la kumi na tisa, akasema, "Hili la Thuwaiba. Haji kwenye mambo ya mwenyekiti." Akakaa. Hakusema kwa nini, na hakuna aliyeuliza, maana wote walijua ila wewe.

Sasa ujue. Mwaka juzi kasha la dawa la mwezi lilikuwa linakwisha katikati ya mwezi, kwa sababu huletwa kwa hesabu ya daftari la kijiji, na wageni wa dago hawamo daftarini. Nikaweka kanuni yangu mwenyewe. Mgeni wa dago hatibiwi bila barua ya mwenyekiti yenye muhuri. Niliona ni haki kwa wenyeji, na kamati ikapiga makofi. Anastazia aliwahi kumtibu mmoja bila barua, nikamwonya mbele ya watu kwamba nitamwandikia wilayani.

Desemba iliyopita nilikwenda Maramba harusini, siku tatu. Muhuri nilikwenda nao mfukoni mwa koti. Thuwaiba akashikwa na uchungu siku ya kwanza. Mumewe akaja kwangu kutaka barua, hakunikuta. Akaenda kwa Anastazia, naye akaogopa lile onyo langu, akatuma mtu anifuate Maramba. Mtu yule alinikosa njiani. Siku ya pili Anastazia alitupa kanuni yangu, akampokea. Mama alipona. Mtoto alikuwa amechoka kungoja, akazaliwa hana pumzi.

Niliporudi nilisikia habari hii nikiwa bado nimevaa koti lile. Sikwenda kumpa mkono Thuwaiba. Nilijiambia ni amri ya Mungu. Ni amri ya Mungu, ndiyo, lakini muhuri ulikuwa mfukoni mwangu. Mwezi uliofuata nikaandika "akina mama wameridhika". Na ulipoandika tarehe 26 Mei, vidole vyangu vilihesabu mwezi kabla sijamaliza kusoma, nikaona bahari itanisitiri. Nilikutumia bahari, mwanangu, nikakuaibisha mbele ya mkubwa wako. Nisamehe.

Pale chanjani niliinama nikaokota jiwe dogo, nikaliweka kando ya lile la Thuwaiba. Mwalimu akaniuliza, "Hilo la nani, Mzee?" Nikamwambia aniachie hiyo kalamu, nitaandika mwenyewe.

Ukurasa wako huu hapa. Swali la mwisho nimelijaza hivi:

"Nani hakuwepo, na kwa nini? Wanawake kumi na tisa, sababu zao zimeorodheshwa nyuma. Na mtoto wa Thuwaiba, mgeni wa dago. Kwa sababu mwenyekiti alikwenda harusini na muhuri. Jaku Hafidh, Mwenyekiti."

Nimepiga muhuri juu yake.

Mjomba wako

*

Raskazone
Alhamisi, 21 Julai 1994

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nimeshindwa kuandika mapema, na safari hii nisamehe wewe.

Nilisoma barua yako nimesimama mlangoni, Asheri akaniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia ndiyo, wa zamani. Nililia kwa ajili ya Thuwaiba, kisha kwa ajili yako, kisha nikanawa uso nikaenda kazini, maana ilikuwa tarehe 8 na siku zilikuwa zinakwenda.

Bwana Zebedayo alisoma ukurasa wa nane mbele yangu. Alipofika chini alivua miwani. "Huyu amejishtaki mwenyewe?" Nikasema ndiyo. Akakaa. Halafu, kwa wema wake, akasema, "Ya Anastazia yanajitosheleza kwa hizi kete thelathini na saba. Mstari wa mwisho tunaweza kuuacha. Ni mjomba wako."

Sitakudanganya kwamba nilijibu mara moja. Nilikiangalia kile kikaratasi nikaona kandambili zako, nikaona mtu aliyenifunga kamba za viatu. Ulimi ulikuwa tayari kusema tuuache. Lakini nikafikiri, nikiufuta, nitakuwa nimelipiga teke jiwe. Nikamwambia, "Uende kama ulivyo." Akatia sahihi.

Sasa sikia. Jina la Anastazia limetolewa kwenye orodha. Limetolewa kabisa, nimeona mstari mwekundu kwa macho yangu! Zahanati ya Kisimachumvi itafunguliwa alasiri siku za bamvua, na daftari litakaa kwa mkunga, si kabatini. Hakuna mgonjwa wa dago wala wa kambi atakayedaiwa barua, na kasha la dawa litahesabiwa kwa watu waliopo. Na ukurasa wa nane umepigwa chapa. Unakwenda vijiji vyote tisa, na hakuna taarifa itakayopokelewa bila huo. Kando ya neno lake la Arusha, Bwana Zebedayo ametundika karatasi ya kuhesabia mwezi, niliyomchorea mimi. Kila asubuhi anauliza, "Mwatumu, leo maji yako wapi?"

Nimeshinda, Mjomba, na nimeshinda kwa mkono wako. Nataka ujue kwamba najivunia hilo.

Lakini wilaya itakuandikia. Watakuita. Huenda uenyekiti ukaondoka. Hilo nimelifanya mimi, na sikukuficha.

Nina swali moja tu. Thuwaiba umemwona?

Mwanao,
Mwatumu

*

Kisimachumvi
Ijumaa, 12 Agosti 1994

Mwanangu Mwatumu,

Marahaba. Sote wazima. Suhaila ameacha kwenda majini, si kwa amri yangu, kwa amri ya Anastazia, na amri hiyo ina daftari. Bamvua iliyopita nilipita zahanati alasiri nikaona foleni mpaka nje. Hakuna jiwe hata moja, ni watu wenyewe.

Wilaya wameniita, wamenikaripia, nimekaripika. Uenyekiti wataamua uchaguzi ukifika. Wanawake wa chanjani wanasema Suhaila achukue fomu. Nimemwambia azae kwanza. Kasema anaweza yote mawili.

Umeniuliza nimemwona Thuwaiba. Nilikwenda dago siku tatu mfululizo, na siku tatu mlango ulifungwa. Sikugonga mara ya pili. Nilikaa nje kidogo, nikaondoka. Yale mawe ishirini niliyachukua kutoka chanjani siku ile, nikayapanga barazani kwangu, na kila mwenye lake akipita anacheka analitupa. Yakabaki mawili.

Jumanne asubuhi nilikuwa naandika wageni wa dago kwenye daftari la kijiji, mmoja mmoja kwa jina lake. Nikaona kivuli mlangoni. Thuwaiba. Hakunisalimu, nami sikutegemea. Akaniambia, "Niandike." Nikamwandika. Akasema, "Mwandike na mwanangu. Mie nlishampa jina kabla ya kuzaliwa. Hamadi." Nikaandika Hamadi bin Yakoub, kwa jina la babake, chini ya mama yake. Sikujua kama sheria inaruhusu. Ukaguzi wako ukija, utaamua.

Nilimwambia yaliyokuwa yakinikaa kooni tangu Desemba. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakusema amenisamehe. Alipotoka barazani aliyaona yale mawe mawili. Lake akaliacha pale pale lilipo. Lile dogo akaliokota, akalifuta vumbi kwa pembe ya kanga.

Nikasema, "Thuwaiba, hilo..."

Akasema, "Lina mwenyewe," akaondoka nalo.

Mjomba wako,
Jaku